Mume Wangu Hakuuza Bao

Juzi nilikuwa kwenye hitima, nimekaa zangu na juzuu mapajani, nikamsikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenziwe: "Huyu ndiye mjane wa yule fundi aliyeuza bao." Miaka yote hii, na watu wa kisiwa chetu cha Amu hawajapata habari nyengine ya kuongea! Nilitaka kugeuka nimpe lake, lakini magoti yananiuma, na hasira nazo zimezeeka. Nikafunua ukurasa nikaendelea kusoma. Ila nilipofika nyumbani nilijiambia, basi, imetosha. Mume wangu amekwenda mbele ya haki, na yule mtu wa Pate aliyecheza naye amekwenda pia. Hakuna aliyebaki wa kuonewa haya. Mume wangu hakuuza bao. Mume wangu alikuwa haoni.

Nimeisema mapema kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka. Sasa nitaeleza ilivyokuwa.

Niliolewa naye akiwa seremala wa kuchonga milango. Bao lilikuwa mchezo wa baada ya Alasiri, kama kwa wanaume wote wa mtaani. Wakikaa kwenye daka letu, yale mabaraza ya mawe mbele ya mlango, na mimi ndani na bilauri za kahawa. Akamfunga huyu, akamfunga yule, mpaka ikafika mahali hapa mjini hapakuwa na mtu wa kukaa mbele yake akainuka na uso wake. Wakaanza kumwita Fundi, na si fundi wa milango tena. Wakaja watu kutoka Shela, kutoka Siyu, kutoka Malindi. Matajiri wa Mombasa wakampelekea barua, aende akacheze na mtu wao. Akaenda Unguja mara mbili. Kila akirudi alikuwa na kanzu mpya na maadui wapya.

Kwa asiyejua bao: ubao una safu nne za mashimo manane, kila mchezaji na safu zake mbili, na kete ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu. Unachota kete za shimo moja, unazipanda mojamoja kwenye mashimo yanayofuata, na ukimaliza pazuri unazila za mwenzako. Ukimkausha safu yake ya mbele umemfunga. Kulieleza ni rahisi hivyo. Ufundi wenyewe ni kujua kila shimo lina kete ngapi, lako na lake, bila kuhesabu, huku kete zinahama kila dakika. Na kwetu hakuna kupapasa. Ukigusa shimo, umecheza shimo hilo, na ukigusa shimo tupu umejifunga mwenyewe. Likumbukeni hilo la kupapasa.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, wafungwa wa vita vya bara wamejaa kambini Manda, ng'ambo ya maji, na kila chombo kinachoingia na kutoka kinakaguliwa. Safari moja askari alimfungulia mume wangu mfuko wa kete pale bandarini akamuuliza hizi ni risasi za bunduki gani. Ikabidi akae chini, na kanzu yake ya safari, amwonyeshe namna ya kucheza. Wenzake wakasema chombo kilichelewa kwa sababu Fundi hakuweza kuondoka kabla hajamfunga askari. Nilimuuliza kama ni kweli. Akaniambia, "Sasa ningemwachia?"

Ndivyo alivyokuwa. Hakujua kuacha. Na ugomvi haukukosekana. Mombasa walidai ubao wake una hirizi ndani, ndiyo maana hafungiki. Mwengine angetukana akaondoka zake. Yeye aliomba randa kwa seremala wa jirani, akaugeuza ubao mbele ya baraza zima, akauranda chini mpaka ukabaki mwembamba, maranda yakijaa miguuni mwao, akawauliza, "Iko wapi?" Ila tangu siku ile ubao ulikuwa mwepesi, na kete zikianguka zinalia, ko, ko, ko, unazisikia mpaka ndani.

Unguja nako alikuwa anakaribia kushinda, adhana ya Magharibi ikaadhiniwa, akainuka kwenda kusali. Aliporudi wakamwambia aliyeinuka ameshindwa. Loo! Mabishano yale yalichukua miezi. Barua zikija na kurudi, wazee wakigawanyika pande mbili, hata kadhi akaulizwa, maskini, akajibu kwamba yeye ana kesi za mirathi zimemjaa. Na kahawa ya mabishano yote hayo nani alikuwa akiichemsha? Mimi. Asubuhi nashona kofia, mchana napika, jioni nakoroga makaa kwa ajili ya watu ishirini wanaopigania shimo la mbegu. Usiniulize kama nililipenda bao. Nililichukia siku nyingi.

Macho yalianza kidogokidogo. Alikuwa akiona cha mbele tu, cha pembeni hakioni, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Akawa anajigonga kwenye nguzo aliyoipita maisha yake yote. Akakikanyaga kitunga changu cha uzi mara tatu katika wiki moja, na mara zote tatu akanigombeza mimi. Patasi ikamkata kidole gumba. Akasema kazi ya milango imekufa, watu siku hizi hawaagizi milango, ataiacha. Watu walikuwa wanaagiza. Mie nilikuwapo walipokuja kuagiza.

Macho yenyewe yalikuwa safi, meusi, mazuri, hayana doa. Ungemtazama ungesema anakuona mpaka moyoni. Ndiyo maana hakuna aliyejua. Na yeye hakuniambia, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nimelelewa kwamba aibu aliyoifunika mume, mke haifunui. Nikawa nakisogeza kitunga. Nikawa namwekea bilauri mahali pamoja kila siku, mkono wa kulia, ncha ya sinia. Alipoikuta pale hakusema ahsante, kwa kuwa angesema ahsante ya nini?

Masika moja, mvua haikatiki na hakuna mtu anayekuja dakani, akaniita ubaoni baada ya chakula, nije tucheze. "Ndoo tuteze." Nikadhani ananitania. Mwanamke kucheza bao na mumewe mchana kweupe! Lakini nilikuwa nimelisikiliza bao miaka kumi nyuma ya mlango, nililijua kuliko nilivyotaka. Nikakaa. Nilipopanda kete zangu kwa haraka, mbili tatu kwa mpigo, alikunja uso. Nilipozipanda mojamoja, polepole, kila moja ilie peke yake, uso ukakunjuka. Nikaelewa. Nikakohoa, wallahi, nikasingizia moshi wa jikoni.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kila siku, wanaume wakilala mchana, sisi tunacheza ndani. Ubao ule ulivyorandwa haukuwa sawa, katikati mnene, kandoni mwembamba, kila shimo na mlio wake. Lile shimo kubwa tuliitalo nyumba lilikuwa na sauti nzito. Yeye alijifunza milio yote. Hakuwahi kusema "najifunza." Alikuwa akisema tu, "Tena." Tukimaliza, "Tena." Mgongo ukiniuma, kofia za watu hazijashonwa, "Tena." Na mwisho wa mwaka alikuwa ameketi dakani mbele ya wanaume, macho yake ameyainua kwenye dari, akiwafunga mmoja baada ya mwengine kwa masikio.

Unajua watu walisema nini? Walisema amekuwa na kiburi. "Fundi siku hizi hautazami hata ubao, anatudharau." Nilikuwa nikisikia nyuma ya mlango na kujiumauma midomo. Ila yeye alikipenda kile kiburi walichomvika. Akakivaa. Akaanza kupiga miayo katikati ya mchezo, makusudi.

Kwa nini asiseme? Nimejiuliza sana. Nadhani ni hivi. Siku ambayo wangejua haoni, ni nani angekaa mbele yake kucheza kweli? Wangemwachia. Wangemsomea kete, wangemshika mkono, wangesema maskini Fundi, mashaallah bado anajitahidi. Huruma aliiogopa kuliko kaburi. Milango imemtoka, bara hajui kwenda kutafuta kazi, kitabu hawezi kusoma tena. Alibakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanya mtu mbele ya watu, nacho ni kuogopwa kwenye bao. Hicho kikiondoka, angekuwa kipofu anayelishwa kwa kofia za mkewe. Na hilo nililijua mimi na Mungu wake. Mbele ya baraza, kila jioni, alikuwa anaweka rehani hicho hicho.

Ndipo akaja yule mtu wa Pate.

Alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa makamo, mpole, sauti ya chini. Sifa zake zilimtangulia: visiwani kule kote amewamaliza. Wakakubaliana mabao matano, mwenye kushinda matatu ndiye. Mji mzima ulikuja. Daka halikutosha, wengine wakakaa kwenye ngazi za nyumba ya pili, wengine wamesimama ndiani wakizuia punda wasipite.

Siku ya kwanza mume wangu alishinda mawili, moja baada ya jengine. Mimi nyuma ya mlango nililifuata kwa masikio, kete kwa kete, na ninaapa sijapata kusikia bao zuri kama lile. Yule mgeni naye alikuwa hodari. Wakaambiana Alhamdulillahi, wakasema tutamaliza kesho, na watu wakaondoka wanacheka. Mume wangu alikula vizuri. Akaniambia, "Huyu ni mtezaji." Hakuwa mtu wa kusifu.

Siku ya pili yule mgeni alikuja na zawadi. Nilimsikia kabla hawajaanza: "Fundi, nimekuletea mkeka, kazi ya Kipungani. Hebu tuutandike tini ya ubao, tuteze vizuri." Watu wakasema mashaallah, mgeni mwema huyo. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Ulikuwa mkeka mkubwa, ukili mnene, mpya, na yeye akaukunja mara nne akaushika mkononi anangoja.

Kwetu zawadi ya mgeni unaitumia mbele ya macho yake. Mgeni akikuletea halua unaifungua papo hapo, ukiiweka kando umemwambia haina maana. Nilimwona mume wangu akinyosha mkono akaushika ule mkeka, kidole gumba kikipita juu ya ukili, kikipima. Angeweza kukataa, lakini angesema sababu gani? Angesema, ninahitaji ubao wangu ulie? Akasema, "Ahsante, Bwana. Tandika."

Nikasikia ubao ukiwekwa juu yake, na hata kule kuwekwa hakukuwa na sauti.

Sijui nielezeje. Jana yake bao lilikuwa linazungumza. Siku ile nilisikia salamu, nikasikia kikohozi, nikasikia mtu anaomba kashata, na katikati ya hayo yote, pale kwenye ubao, kimya. Kete zilikuwa zikianguka kama punje kwenye unga. Na yule mgeni alikuwa akizilaza, hazitupi. Nilimwona mume wangu akiinamisha kichwa, akisogeza shavu karibu, na watu wakafurahi, "Yeo Fundi anautazama ubao! Yeo amepata mwenziwe!" Bao la kwanza likaenda. Nikatuma kahawa ili mchezo usimame kidogo. Hakuinywa. La pili likaenda. Mawili kwa mawili.

Nilisimama na lile buli la kahawa mkononi, makaa yananiunguza miguu, nikawaza kupiga kelele. Nyoka! Moto! Mama anakufa! Chochote, wainuke watawanyike. Lingekuwa jambo la kufumba na kufumbua. Sikulifanya. Niliogopa kwamba atajua kwa nini nimelifanya, na kwamba basi tutalazimika kulisema. Ukiniuliza ninachojutia duniani, ni hicho. Ule mdomo wangu ambao siku nyengine haufungiki.

Bao la tano lilifika katikati. Ilikuwa zamu yake. Akafikiri kwa muda mrefu, watu wakatulia, kisha akapeleka mkono kwa madaha, kama kawaida yake, akautia kwenye shimo. Na shimo lilikuwa tupu. Niliviona vidole vyake vikikusanya hewa. Vikakwaruza chini, mara moja, mara mbili, vikitafuta. Halafu vikahamia shimo la pili, na mtu mmoja akapiga ukelele, "Ushagusa, Fundi! Ushagusa!"

Kwanza walicheka. Walidhani anafanya mzaha. Kisha wakaona hacheki, kicheko kikakatika, na nikasikia sauti kutoka kule nyuma, sitaitaja ya nani, ikisema neno lile: "Kauza."

Na ukifikiri, wangewaza nini kingine? Fundi ambaye jana kafunga mawili bila kutazama, leo anatia mkono shimo tupu, mbele ya watu mia? Mtoto hafanyi kosa lile. Hakuna aliyefikiri hajui kete zake ziko wapi, maana Fundi asiyejua kete zake hakuwahi kutokea. Jambo la karibu zaidi lilikuwa kwamba amenunuliwa. Kufika Ijumaa ilikuwa imejulikana mpaka Faza kwamba amepewa shamba la minazi Pate. Wapo walioapa wameliona. Wengine walijua hata idadi ya minazi, na mpaka kesho mimi sijala dafu lake.

Wazee wa baraza walikuja kumuuliza. Watatu, kwa heshima, wakanywa kahawa yangu. Mkubwa wao akasema, "Bwana, sisi tumekulea. Tuambie, umeuza?" Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikasema moyoni, yarabi, mwambie. Sema tu, sioni. Neno moja. Watalia na wewe, na jina lako litakuwa safi.

Akawaambia, "Na kama nimeuza?"

Ai! Nilitaka kwenda nimtikise. Wakaondoka hata bilauri hawakuzimaliza. Kwake yeye ilikuwa afadhali mwizi. Mwizi anaogopwa. Nilimkasirikia mwaka mzima, nasema kweli, nikimpakulia chakula na kimya changu juu yake. Na yeye akajua nimekasirika, na akajua kwa nini, na bado hatukulisema. Daka likawa tupu. Watu wakipita wanatoa salamu ya haraka, ile ya kutimiza sunna. Nilipokwenda harusini wanawake walinipisha mkekani kama mtu aliyemwagikiwa na samli. Yeye alikaa ndani, ubao ameugeuza uso chini kwenye kidaka cha ukutani, na hakuniambia tena "Ndoo tuteze."

Ilipita kama miaka miwili hivi. Asubuhi moja nikasikia hodi, na sauti nikaitambua mara moja, ile ya chini. Mtu wa Pate.

Alikuwa njiani kwenda Mombasa kupanda meli ya Makka. Na kwetu, anayekwenda kuhiji haondoki na deni la watu moyoni. Anazunguka kwanza nyumba kwa nyumba, kwa kila aliyepata kumkosea, anataka radhi, na wewe unamsamehe hadharani ili aende mwepesi. Mume wangu akatoka akaketi naye dakani. Mimi nikaenda mahali pangu, nyuma ya mlango.

"Fundi," akasema, "mimi nakwenda Makka inshallah. Nimekuja kutaka radhi kwako."

"Hukunikosea kitu, Bwana. Nenda salama."

"Nimekukosea. Marehemu baba yangu alikuwa haoni. Miaka ishirini nimemshika mkono kumpeleka msikitini. Nakijua kichwa cha mtu anayesikiliza. Siku ile ya kwanza, kabla bao la kwanza halijaisha, nilijua huoni, nikajua unateza kwa masikio. Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa wale wanawake wa Kipungani wanaouza mikeka, nikawaomba mnene kuliko yote. Nilijua hutaweza kukataa."

Nilishika ukingo wa mlango. Miaka miwili nilikuwa nikiulaumu ule mkeka kama mtu anavyolaumu mvua. Kumbe!

Mume wangu akacheka. Alicheka kweli, na kile kicheko kilinitia baridi. "Bwana, umejipa tabu bure. Mimi naona. Nakuona hapo ulipokaa, na kanzu yako nyeupe ya safari."

Yule mtu alikuwa amevaa kikoi na koti jeusi.

Mgeni akasema taratibu, "Basi bao lile lilikwendaje?"

"Nililiuza."

"Ulimuuzia nani? Aliyekuwa mbele yako ni mimi. Mimi sikukununua."

"Hilo ni langu na Mola wangu," akasema mume wangu.

"Fundi, nakuomba. Ukinisamehe nisichokukosea, nitakwenda nacho mpaka Makka na nitarudi nacho. Nisamehe nilichokukosea. Nami nikitoka hapa nitawaambia watu wote wa Amu, nitasimama msikitini niwaambie."

"Usimwambie mtu!" Ilimtoka kama mtu aliyeunguzwa. Kisha akajirudi, akaweka ile sauti yake ya barazani. "Hakuna cha kuwaambia. Nenda, Bwana. Mungu akutakabalie."

Yule mtu akainuka. Akasimama mbele yake akanyosha mkono, mkono wa kuagana na wa radhi. Akaungoja. Mume wangu alikuwa ameketi na uso wake umeinuliwa, macho yale mazuri yakitazama juu kidogo ya bega la mtu, na tabasamu lake la Fundi, mikono yake miwili imetulia magotini. Mkono wa mwenziwe uko mbele ya kifua chake, hauendi wala haurudi. Sijui ulikaa hapo muda gani.

Sikuweza. Nimekuwa mwanamke wa nyuma ya mlango maisha yangu yote, na mlango ule niliufungua. Kichwani nilikuwa na leso tu, buibui sikulikumbuka. Nikatoka dakani mbele ya mwanamume wa watu, nikamshika mume wangu kifundo cha mkono. Kilikuwa cha baridi. Alikaza, alijua ni mimi, akakaza kweli, na mimi nikavuta kwa nguvu zangu zote mpaka nikautia mkono wake kwenye mkono wa yule mtu.

"Mwambie," nikasema. "Amekuja kwa haki. Mwambie."

Hakuna aliyenitazama. Wakashikana hivyo. Punda akapita ndiani na mchanga wa kujengea, mwenye punda akatoa salamu, hakuna aliyemjibu. Mwisho mume wangu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia dakani:

"Nimekusamehe ule mkeka."

Yule mtu akainama akaubusu ule mkono. Akaniambia, "Bi, Mungu akulipe," akakichukua kifurushi chake akaenda zake. Na neno lake alilitimiza. Hakumwambia mtu, hata aliporudi Alhaji. Ndiyo maana mpaka leo kwenye hitima za watu mimi ni mjane wa muuza bao.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nangoja anitukane, kwa kutoka nje vile, kwa kumvunjia siri aliyoilinda kuliko jina lake. Angenipa talaka nisingeshangaa. Alijifuta mkono kwenye kanzu.

"Alikuwa akilia?" akauliza.

Miaka yote ile hakuwahi hata mara moja kuniuliza kilichoko mbele yake. Nikamwambia ndiyo, alikuwa akilia.

Akatikisa kichwa. Akapapasa baraza kando yake, nikakaa.

"Na wewe," akasema, "siku hizi umekuwaje?"

Nikamwambia nimekonda. Mvi zimeingia hapa mbele. Na jino moja, la juu, lilitoka tangu mwaka jana.

Akasema hakujua.